Friji Kwenye Ukuta wa Kati

Nilihamia Songea nikitokea Tabora, mwaka ule ule nilioachika. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, sina mtoto, na mizigo yangu yote ilienea kwenye buti la basi. Shuleni nilipewa vipindi vya fizikia, na mwalimu mwenzangu mmoja akanitafutia nyumba mtaa wa Majengo. Ilikuwa nyumba moja iliyokatwa katikati: mlango wangu kushoto, mlango wa jirani kulia, baraza moja mbele, na kati yetu ukuta wa tofali za kuchoma. Mwenye nyumba, bibi wa Kingoni aliyeishi kwenye kijumba cha nyuma ya uwanja, hakunificha kitu. Alinieleza kwamba marehemu mumewe aliishiwa tofali, ukuta ule akaufikisha kwenye silingibodi na kuuachia hapo. Juu ya dari kulikuwa wazi, toka upande wangu hadi upande wa pili.

"Ukitaka kumsema mtu," aliniambia, "nenda ukamsemee nje."

Jioni ya kwanza jirani alipiga chafya, nikasema pole bila kuinua sauti, naye akaniitikia asante kana kwamba tumeketi meza moja.

Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, fundi cherehani, mtu wa kijiji cha Maposeni. Cherehani yake ilikaa barazani, upande wake, na kila nikitoka kwenda shule nilimkuta ameshaanza. Alinisalimia vizuri, aliniita mwalimu, na zaidi ya hapo hakuwa na maneno. Nami niligundua kwamba watu wa mtaani walikuwa hawamwiti kwa kitu chochote. Wengine wote walikuwa mama fulani au dada fulani. Yeye walimwambia tu, "Samahani, nina suruali ya kupunguza." Mume wake alikuwa anafuata korosho Nakapanya, huko Tunduru. Nilikaa wiki tano kabla sijamwona, na alipokuja alilala siku moja akaondoka.

Friji nililinunua mapema, kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Lilikuwa la milango miwili, friza juu, la aina ile isiyogandisha barafu kwenye kuta zake za ndani. Jikoni kwangu soketi ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kwenye ukuta wa kati, kwa hiyo friji likakaa hapo, mgongo wake umeelekea kwa jirani.

Sikuwa nimewahi kuishi na friji peke yangu. Kwetu lilikuwepo, lakini kulikuwa pia na watoto, redio na kelele za watu, nani angelisikiliza. Sasa nyumba ilikuwa kimya na friji likawa ndilo linaloongea. Wiki ya kwanza lilinishtua. Nilikuwa nasahihisha madaftari, mara ta! kama mtu amevunja rula. Nikainuka, nikakagua madirisha. Baadaye likaguna, likatetemeka, likanyamaza, na kutoka ndani yake ikasikika sauti ya maji yakipita kwenye koo.

Nikajiambia mimi ni mwalimu wa fizikia, nisiogope kitu ninachokifundisha. Nikaketi nalo mchana mzima wa Jumamosi. Ule mvunjiko ulikuwa plastiki za ndani, zikipoa zinasinyaa, zikipata joto zinatanuka. Koo la maji lilikuwa gesi inayozunguka kwenye mabomba membamba, na ilisikika zaidi mota inaposimama. Kuguna ni mota yenyewe inapoanza kazi. Kugonga kwa harakaharaka nyuma kulitokana na sinia dogo la kukingia maji lililolegea. Nilipolikandamiza kwa kidole kukakoma, nikalikazia kipande cha kitambaa. Nilifurahi mno. Jumatatu nikawaeleza wanafunzi wa kidato cha pili habari za kutanuka na kusinyaa kwa kutumia friji langu, wakacheka, na nadhani hawakusahau.

Sauti ile nyingine niliisikia mara ya kwanza mwishoni mwa mvua.

Nilikuwa nimetoka shule, saa tisa hivi mchana, nimeketi chumbani navua viatu. Nikasikia mtoto. Si mtoto wa kucheza uwanjani, mtoto mchanga, wa siku chache, analia kwa sauti nyembamba iliyochoka. Alilia, akavuta pumzi, akalia tena, bila hasira, kama ameshaelewa kwamba hakuna anayekuja. Nilisikiliza kwa muda. Nikadhani jirani amepata mgeni. Nikatoka barazani kumwamkia huyo mgeni, nimkute na mtoto wake.

Hakukuwa na mgeni. Jirani alikuwa peke yake kwenye cherehani. Mguu wake ulikuwa juu ya pedali lakini haukusukuma, na kitambaa kilikuwa kimebaki nusu chini ya sindano. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, ameelekeza sikio kwenye mlango wake.

Nikamuuliza kama ana mgeni mwenye mtoto.

Alinigeukia taratibu. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, halafu akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu.

"Kwa hiyo na wewe unamsikia," akasema.

Nilisema ndiyo, nimesikia mtoto analia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kitambaa chake, akaanza kushona, na cherehani ikafunika kila kitu. Nilipoingia ndani sauti ilikuwa imekwisha.

Baada ya siku ile ilikuwa inakuja mara kwa mara, mchana zaidi, jua linapokuwa kali juu ya bati. Wakati mwingine robo saa, wakati mwingine zaidi. Nilitafuta. Nilisimama sebuleni, nikaisikia juu, kwenye dari. Nilisimama chumbani, nikaisikia upande wa jirani. Nikaenda jikoni, na jikoni ilikuwa karibu kabisa, ndani ya ukuta. Nikafungua friza nitoe chupa ya maji, na hapo hapo ikanyamaza. Nikanywa maji nimesimama, mlango wa friza umefunguka, moshi wa baridi unanishukia miguuni, nikisikiliza. Kimya. Nikafunga mlango, nikaenda zangu uani, na nikiwa uani ikaanza tena.

Nilitegemea kuona uhusiano wa mambo. Ndiyo kazi yangu. Sikuuona. Nilichoona ni kwamba kitu kile kilijua nilipo, na nikikikaribia kinanyamaza.

Umeme ulipokatika siku moja tangu asubuhi mpaka jioni, kilio kilipotea. Siku tatu nyumba ilitulia, friji likaguna na kukoroma kama kawaida yake. Siku ya nne mtoto akarudi, kwanza kwa mbali, kisha kwa sauti yake kamili. Na asubuhi iliyofuata, nilipotoka, nikakuta kwenye kamba ya nguo mbele ya mlango wa jirani vinguo vitano vidogo sana vimeanikwa: fulana mbili, soksi, kofia ya sufu, na kanga iliyokatwa kati. Vilikuwa vimefuliwa na kubanwa kwa mpangilio. Vilikuwa vipya. Rangi yake haikuwa imepauka hata kidogo.

Nilimfuata mwenye nyumba. Nilimkuta anapukuchua mahindi kwenye ungo, nikamwamkia shikamoo, nikaketi kwenye kigoda nikamsaidia. Nilimuuliza kama upande wa jirani kuna mtoto. Aliacha kupukuchua. Alisema kitu kwa Kingoni ambacho sikukielewa, si kwa ajili yangu, halafu akanieleza kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili tu.

Kulikuwa na mtoto wa kiume, miezi mitatu kabla mimi sijahamia. Alizaliwa kwa operesheni, na mama alipata matatizo, akawa hajitambui. Mtoto aliishi siku mbili. Walimzika Maposeni, kwa wazazi wa yule binti, na wakati wanamzika mama yake alikuwa bado kitandani hospitalini na mipira ya dripu mkononi. Mtaa mzima ulikuwa umeshazoea kumwita mama kijacho. Aliporudi hawakujua wamwite nani.

"Usimwulize," bibi akaniambia. "Akitaka atasema mwenyewe."

Nikamwambia kuhusu sauti. Alisema masikio yake yamekufa kwa vitu vya mbali, hasikii hata kengele ya kanisa, lakini hakusema kwamba ni uongo. Alichota mahindi kiganjani, akayaacha yadondoke.

Kuanzia hapo niliogopa. Sitaki kujifanya sikuogopa. Nilibaki shuleni mpaka ofisi ya walimu inafungwa. Nikirudi nilisoma Ayatul Kursi mlangoni kabla ya kutia ufunguo. Na kuna jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Siku moja mtoto alilia kwa muda mrefu, nikaja kujikuta nimesimama katikati ya jikoni, mikono nimeikunja kifuani, nayumba polepole, kama mtu aliyebeba kitu. Sikumbuki nilivyoanza. Nilipojiona nikaishusha mikono, ikawa mizito.

Jumamosi moja jirani alibisha hodi. Aliuliza kama anaweza kukaa jikoni kwangu kidogo. Nilimuuliza kama kuna kitu anahitaji, labda maji ya baridi. Akasema hapana, ila akiwa kwake anamsikia kwa mbali, na amefikiri kwamba kwangu ni karibu zaidi.

Ningefanya nini? Nilimtandikia mkeka. Aliketi sakafuni kati ya friji na ndoo za maji, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wa kati, akafunga macho. Alikuwa amechana nywele zake vizuri, amevaa gauni la kutokea, kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Nilikaa mbali, kwenye kiti karibu na mlango. Mota ya friji ikaanza, ikaguna. Baada ya muda mfupi kilio kikaja.

Nilimwona uso wake ukilegea. Midomo yake ilitembea bila sauti. Alikuwa haogopi kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu hatua za kufika mlangoni. Mwishowe nikainuka ili nifanye kitu chochote. Nikafungua friza nitoe maji nimpe.

Kilio kikakatika.

Akafumbua macho. Nilifunga mlango wa friza, chupa mkononi. Sekunde kadhaa zikapita, kikaanza tena, pale pale kilipoishia.

Nadhani yeyote aliyewahi kufanya jaribio maabara anajua nilichofanya baada ya hapo. Nikafungua tena. Kimya. Nikafunga. Kilio. Nikafungua mara ya tatu, nikasubiri, nikafunga, na nilikuwa nimeshamsahau yeye, nilikuwa namtazama huyu mnyama wa chuma kwa furaha. Nilipogeuka nilimkuta amekaa wima, ananitazama kama mtu anayeona mwenzake akimfinya mtoto.

"Anakuogopa," akasema.

Akasimama, akakunja mkeka wangu, akausimamisha pembeni, akashukuru, akaenda kwake. Nilikuwa nimeshajua kwamba sauti iko ndani ya friji, na neno pekee nililokuwa nalo la kumwambia lilikuwa "friji", nikaona haya kulitamka.

Fundi friji nilimpata karibu na soko. Alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwomba aje Jumatano asubuhi, nikijua jirani Jumatano huenda kununua vitambaa. Hakugusa friji kwanza. Alinihoji kama daktari. Sauti inaanza mota inapoanza au inaposimama? Ukifungua mlango inaendelea? Umeme ukikatika siku nzima, ukirudi unaikuta? Nikajibu. Alikuwa ameshaitikia kwa kichwa kabla sijamaliza.

Alichomoa waya ukutani, akatoa vitu vyangu vya friza kwenye beseni, akafungua skrubu nne za kifuniko cha ndani, cha nyuma. Nyuma yake hapakuwa na nafasi. Palikuwa na barafu nene, nyeupe, imejaa mpaka kwenye panga za feni ndogo isiyozidi kiganja changu. Upande mmoja barafu ilikuwa imechongwa laini, kwa duara, kama imelambwa.

Alinieleza kwamba friji za aina hii huyeyusha barafu yake yenyewe kila baada ya muda, na maji hushuka kwa tundu dogo hadi kwenye sinia la nyuma. Tundu likiziba kwa uchafu, maji hayashuki, yanaganda pale pale, na barafu inakua kidogo kidogo mpaka inaigusa feni. Feni ikisugua barafu inalia. Ukifungua mlango, kuna kitufe pembeni ambacho huisimamisha, kwa hiyo mtu akienda kutazama hakuti kitu. Umeme ukikatika muda mrefu barafu inayeyuka, sauti inaondoka, halafu inarudi. Alisema ameitwa nyumba nyingi kwa ajili ya sauti hiyo, na wengine huanza kumwita shehe au padri kabla yake.

Aliyeyusha barafu kwa maji ya vuguvugu, akalizibua tundu kwa waya mwembamba na kwa kumimina maji mpaka tukayasikia yakidondoka nyuma. Akainua miguu ya mbele kidogo ili mlango ujifunge wenyewe. Kabla ya kurudisha kifuniko akachomeka waya, akabonyeza kile kitufe kwa kidole, feni ikazunguka bila sauti. Akakata kipande cha boksi la dawa ya meno, akakigusisha kwenye panga. Kikalia. Sauti ilikuwa kavu zaidi, lakini nywele za mikono yangu zilisimama.

Alinionya pia nisiguse kitu mle ndani nikiwa na mikono mibichi. Na akasema sauti nyingine zote nizisamehe, ila nikisikia mota inajaribu kuanza, inabofya, inashindwa, inabofya tena kila baada ya dakika chache, nizime nimwite. Aliponiuliza kama majirani wamelalamika kwa kelele, nikasema hapana.

Jirani alirudi mchana. Nilimsikia akiweka mfuko chini, akivuta kiti. Cherehani ikaanza, ikasimama. Alikuwa anasikiliza. Ikaanza tena. Siku ya pili ilisimama mara nyingi zaidi. Siku ya tatu haikuanza kabisa, na nilipotoka barazani nikakuta imefunikwa kwa shuka. Vile vinguo vilikuwa bado kwenye kamba, vimelowa umande kwa siku ngapi sijui.

Siku ya tano, Jumapili, baada ya misa, alikuja. Hakubisha hodi.

"Mwalimu, umemfanya nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno, yote yakanipotea. Nikasema kwamba halikuwa jambo la mtu. Ilikuwa feni. Kuna feni ndani ya friji, iligusana na barafu, fundi ameitengeneza. Nilivyokuwa nasema nilisikia sauti yangu ya darasani, ikieleza vizuri, na nikaichukia.

Hakulia wala hakunikaripia. Alisema, "Nionyeshe."

Nilichomoa waya, nikakausha mikono, nikatoa skrubu nne kama nilivyomwona fundi. Nikarudisha waya. Nikabonyeza kitufe. Feni ikazunguka, kitu kidogo, cheusi, cha plastiki. Aliitazama muda mrefu. Nikakata kipande cha boksi, nikakigusisha.

"Siyo hivyo," akasema.

Akakichukua mkononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa vimezoea vitu vyembamba vinavyokwenda kasi. Alikigusisha, akakirudisha nyuma kidogo, akakilaza upande, akatafuta. Sauti ilikuwa mkwaruzo, ikawa mluzi, ikapanda, ikashuka. Kisha akaipata. Mtoto yule yule akalia jikoni kwangu, kutoka kwenye ncha za vidole vya mama yake, na kidole changu kikiwa kwenye kitufe sikuweza kukitoa.

Alimwacha alie. Baridi ilitutokea usoni wote wawili. Mota ilikuwa inaguna chini, jua lilikuwa linawaka nje, watu walikuwa wanapita barabarani wakitoka kanisani na nguo zao nzuri, nami nilihisi kwamba mtu akitokea mlangoni na kututazama atakimbia.

"Mimi sikumsikia," akasema bila kuacha. "Siku zote mbili. Walisema alilia sana, sauti nyembamba. Wifi zangu walimsikia, manesi walimsikia. Mimi nilikuwa nimelala."

Nilitaka kumuuliza, kama hakumsikia, alijuaje kwamba sauti ni hii. Nashukuru Mungu sikuuliza.

Baada ya hapo alikiondoa kipande cha boksi. Feni ikaendelea kuzunguka kimya. Akakigusisha tena, akakiondoa. Alifanya hivyo mara kadhaa, kila mara kwa muda mfupi zaidi, mpaka akafika mahali akakishika tu bila kukipeleka. Akanirudishia. Akasema baridi imeingia vidoleni, akavipulizia pumzi, akatoka. Nikarudisha skrubu moja moja. Ile ya nne ilinianguka mara mbili.

Jioni ile vinguo vilikuwa vimeanuliwa. Kesho yake cherehani ilianza mapema, lakini kwa kweli sikujua kama nimemsaidia au nimemzika mtoto wake mara ya pili. Alinisalimia, nikamsalimia. Hakuingia tena kwangu kwa wiki mbili.

Mume wake alirudi katikati ya juma, akiwa na gunia begani na vumbi la njia nzima. Mke wake alikuwa amekwenda kwa mteja. Aliketi barazani akisubiri ufunguo, nikamletea maji ya kunywa kutoka kwenye friji. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na macho ya mtu asiyelala. Aliyashika maji bila kunywa. Alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlango wao, namna ile ile niliyoiona kwa mke wake.

Nikamwambia haitasikika tena.

Akanitazama. Sikuwa nimetaja ni nini. Nikamweleza, safari hii taratibu: tundu lililoziba, barafu, feni. Nikamweleza jinsi mke wake alivyokuja kukaa jikoni kwangu kumsikiliza mtoto. Hapo akaiweka bilauri chini.

"Na yeye alikuwa anasikia?" akauliza.

Nikasema ndiyo, kila siku.

Halafu akasema kwamba safari ile alipolala siku moja, aliamka asubuhi akamsikia mwanawe juu ya dari. Yeye ndiye aliyembeba kwenda Maposeni, kwenye boksi, mapajani, ndani ya gari la kukodi. Alijua amemzika, maana alishika chepe kwa mikono yake. Aliposikia sauti ile akaamini ni yeye peke yake anayefuatwa, akaogopa kumwambia mke wake asije akamtia wazimu, akaondoka asubuhi hiyo hiyo. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha zamani. Huko Nakapanya alikuwa amekaa tu, anabeba mizigo ya watu, kila wiki akisema wiki ijayo.

Akaomba aione. Sikufungua skrubu tena. Nilimfungulia friza, nikamwonyesha kifuniko na matundu yanayopitisha hewa, akaweka kiganja chake pale, akahisi baridi ikitoka. Alikaa hivyo kidogo. Akasema ni upepo tu.

Mke wake akaingia uwanjani wakati huo, tepu ya kupimia shingoni. Alimwona mume wake kabla ya kuniona mimi, mlango wa jikoni kwangu ukiwa wazi, mume kasimama mbele ya friji na mkono wake ndani. Hakuuliza anafanya nini. Alikuja akasimama karibu naye.

"Ulimsikia," akamwambia mume wake. Hakuwa anauliza.

"Nilimsikia."

Nilichukua mtandio wangu, nikasema nimesahau madaftari shuleni. Nilipokuwa natoka nilimsikia yule mwanamke akianza kumuuliza mume wake, moja moja, kwa utulivu: gari lilikuwa la rangi gani, nani alikaa mbele, walimvalisha zile nguo za njano au nyingine, kama mvua ilikuwa inanyesha. Na mwanamume alikuwa anajibu. Nilikaa kwenye benchi la shule mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama niko salama, nikamwambia niko salama, nawaachia watu nafasi waongee.